Gamba Limenata: Utatuzi wa Matatizo ya Nyoka Anayeshindwa Kujivua

Chatu wangu anaitwa Ung'ongo. Jina alipewa na mama bila kujua. Siku nilipomwambia kwa simu kwamba nafuga nyoka ndani ya nyumba, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, wenzio wakiumwa na nyoka hushtuka hata wakiona ung'ongo. Wewe umekwenda kumnunua nyoka mwenyewe?" Basi jina likabaki.

Ni chatu wa kifalme, yule mfupi mnene ambaye akiogopa hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kwao ni Ghana, Togo, Benin na majirani zake. Kwangu ni tangi la kioo sebuleni, Minnesota, ambako Januari hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri huingia ndani, hita ikaipasha, na unyevu ukashuka chini ya asilimia 20. Midomo yangu mwenyewe hupasuka. Haishangazi kwamba simu za wenzangu wanaofuga nyoka hunijia zaidi kati ya Desemba na Machi, na karibu zote ni za jambo moja: gamba limenata, yaani ngozi kuukuu imegoma kutoka yote.

Hapa nimeyapanga kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza wakipiga simu. Nenda moja kwa moja kwenye yako, ila usiruke sehemu inayofuata hapa chini.

Jambo moja kabla hatujaanza. Haya ni ya nyoka wasio na sumu wanaofugwa: chatu wa kifalme, nyoka wa mahindi wa Marekani, boa na jamaa zao. Swila, kifutu au koboko aliyenatwa na gamba si wa kusaidiwa na mtu nyumbani, na kama umemkuta uani, mwache aende zake. Na ukiwa Kenya au Tanzania, nyoka ni mnyamapori. Kumfuga kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, Kenya waulize KWS, Tanzania TAWA, hata kama ulimwokota shambani kwenu.

Gamba linalotoka vizuri huwaje

Tanzania wengi walilizoea neno "kujivua gamba" mwaka 2011, CCM ilipotangaza kwamba inajivua lake. Nyoka hatangazi. Utaona tu rangi imefifia, tumbo la chatu limekuwa la waridi kidogo, na baada ya siku chache macho yanaingia ukungu wa samawati kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Hapo ngozi mpya imeshakamilika chini ya ile kuukuu, na katikati kuna majimaji yanayozitenganisha. Majimaji yakifyonzwa macho hung'aa tena, na mgeni wa mambo haya hudhani shughuli imekwisha. Bado. Siku 2 hadi 5 baadaye ndipo nyoka anaanza kusugua pua kwenye jiwe au gogo, ngozi inachanika mdomoni, naye anatoka ndani yake kama mguu unavyotoka kwenye soksi, soksi yenyewe ikigeuka ndani nje. Tangu rangi kufifia hadi gamba kudondoka ni wiki 1 hadi 2.

Shughuli yote hiyo inaendeshwa na maji. Nyoka akiwa na kiu, au hewa ya tangi ikiwa kavu, yale majimaji hayatoshi na ngozi kuukuu inagandamana na mpya kama karatasi iliyopakwa uji wa ngano. Kwa hiyo gamba lililonata linakueleza tangi lako lilikuwaje wiki mbili zilizopita. Ukilibandua bila kugusa tangi, mwezi ujao utakuwa umekaa palepale na taulo lilelile.

Wakati wa ukungu usimshike na usimlishe. Haoni vizuri, ngozi yake mpya ni laini, na hata mpole kama Ung'ongo hupiga pua kwa hasira.

Dalili: gamba limetoka vipandevipande

Hii ndiyo simu ninayopigiwa kuliko zote. "Amebaki kama ukuta unaobanduka rangi," dada mmoja aliniambia, na kweli picha aliyotuma ilikuwa hivyo: viraka vya kijivu mgongoni, vingine vimejikunja pembeni kama ganda la kitunguu.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho, ni unyevu mdogo. Chatu wa kifalme anataka asilimia 55 hadi 65 siku za kawaida, na 70 hivi akiwa kwenye ukungu. Nyoka wa mahindi anatosheka na 40 hadi 50, ukimpandishia kidogo akikaribia kujivua. Mtu atakujibu, "Mbona kipimo changu kinasoma 60?" Hapo ndipo pa kuanzia: kikague kipimo chenyewe. Mimi niliuziwa kile cha mshale kinachobandikwa kwenye kioo. Kilisoma 60 kiangazi, kikasoma 60 kipupwe, na nilipokibandua na kukiweka juu ya hita kikasoma 60. Nilikuwa nimenunua picha ya kipimo. Tafuta cha tarakimu, kisha kijaribu kwa chumvi: jaza kizibo cha chupa ya soda chumvi ya mezani, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi lakini isielee, kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uache usiku kucha. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, ujue kinakupunja 6, na uwe unaziongeza kila ukisoma.

Halafu angalia kipimo kimekaa wapi. Juu karibu na taa kutakuwa pakavu; juu ya bakuli la maji patadanganya. Kiweke upande wa baridi, kimo cha mgongo wa nyoka.

Kupandisha unyevu, anza na mfuniko. Matangi mengi huja na mfuniko wa wavu, na wavu ule ni dirisha wazi. Ufunike robo tatu kwa karatasi ya fedha ya jikoni au kipande cha plastiki ngumu, ukiacha nafasi ya hewa na ukikwepa kabisa pale taa ilipo. Hilo peke yake kwangu lilipandisha kutoka 35 hadi 52. Pili, tandiko. Magazeti na vipande vya mbao kavu havishiki maji. Unga wa makumbi ya nazi unashika. Nilicheka siku ya kwanza kuununua hapa: mtoto wa Tanga analipa dola kwa makumbi! Mimina maji pembeni mwa tandiko ili tabaka la chini liwe bichi na la juu libaki kavu. Tatu, bakuli kubwa la maji, lisogezwe kidogo upande wa joto.

Kunyunyiza maji kwa chupa mara tano kwa siku ni kazi ya bure. Unyevu unapanda dakika 20 kisha unarudi ulikotoka, na wewe umelowesha sakafu. Nyoka anayelala juu ya tandiko linalochuruzika huoza magamba ya tumbo, na huo ni ugonjwa mbaya kuliko huu ulioanza nao.

Kinachosaidia zaidi ya vyote ni pango bichi. Kule kwao chatu wa kifalme hashindi juani. Anajificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na chini ya ardhi hewa ina unyevu hata kiangazi kikiwa kikali. Mtengenezee shimo lake. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, lile la kuwekea pilau lililobaki, likate tundu la kumtosha kupita na tumbo lililoshiba, lisugue kingo kwa msasa zisimchane, na ulijaze hadi nusu kwa mosi ya spagnamu, ule mmea laini unaoshika maji kama sponji, iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa mpaka isidondoke. Liweke katikati ya tangi, lisiwe upande wa joto kabisa. Ung'ongo huingia humo rangi ikififia tu, bila kuambiwa, hutoka akiwa mpya, na gamba huliacha mlangoni kama mtu aliyevua viatu barazani.

Sababu ya pili ni kiu ya mwili wenyewe. Hewa iko sawa lakini bakuli lilikauka siku tatu ulipokuwa safarini, au maji yamechafuka hayanyweki. Mbane ngozi ubavuni taratibu na uiachie. Ikibaki imekunjika badala ya kurudi, ana upungufu wa maji. Angalia na haja yake: ile sehemu nyeupe ikiwa ngumu kama chokaa na ya manjano, ni dalili hiyohiyo.

Nyingine ni ndogondogo. Tangi halina kitu cha kukwaruza, kila kitu plastiki laini. Weka jiwe zito lisilo na ncha kali au gogo. Alishikwashikwa na watoto wakati wa ukungu. Ana kovu la zamani ambapo gamba hukwama kila mara, na huyo utamsaidia pale pale tu maisha yake yote, hana ugonjwa. Kama hakuna hata moja katika haya, na tangi limekaa vizuri mizunguko miwili lakini gamba bado linatoka vipande, mshuku utitiri au ugonjwa wa ndani.

*Kumtoa viraka vilivyobaki.* Mpe kwanza siku moja ndani ya pango bichi. Wengi humaliza wenyewe. Asipomaliza, tumia foronya. Lowesha foronya ya pamba kwa maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, ikamue, mtie nyoka ndani, ifunge mdomo, na uiweke kwenye ndoo ya plastiki iliyo mahali pa joto kwa dakika 30. Anavyojinyonganyonga humo anajisugua kila upande. Kisha mtoe, mshike mkononi ndani ya taulo bichi, umwache atambae kupita kwenye ngumi yako iliyolegea. Nguvu iwe yake. Wewe ni lango tu.

Ukipendelea kumlowesha kwenye beseni, maji yasizidi nusu ya kimo cha mwili wake, yasiwe moto (yakihisi moto kwenye kiwiko chako, kwake ni moto sana), na usiondoke hata kujibu simu. Nyoka huzama. Usimloweshe aliyekula ndani ya siku 2, atatapika, wala anayepumua kwa shida. Beseni liwe lake, lisirudi jikoni. Nyoka hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima, kwa hiyo mikono kwa sabuni kila mara, na watoto wadogo wakae mbali.

Acha mara moja kama kipande hakitoki kwa kutambaa kwake mwenyewe, au chini yake panaonekana pekundu au majimaji. Kinachong'ang'ania huenda kimeshikana na ngozi hai. Mrudishe pangoni, ujaribu tena kesho.

Kuhusu mafuta ya nazi: najua, nyumbani ndiyo dawa ya kila kitu. Hapa hayasaidii. Gamba linataka maji, na mafuta yanayazuia yasiingie, kisha tandiko linamganda mwili mzima.

Dalili: jicho moja au yote mawili yamebonyea au yamebaki na ukungu baada ya kujivua

Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, kama kioo cha saa, na kioo hicho nacho hubadilishwa kila anapojivua. Kikibaki, kinakaa juu ya kipya.

Usianze na jicho. Anza na gamba lililotoka. Lifunue kichwani, lilowekwe kidogo kama limekauka, ulinyooshe mbele ya dirisha. Mahali pa macho panatakiwa kuwa na vitufe viwili vidogo vya mviringo, angavu, kama lenzi. Vikiwepo viwili, macho yake ni safi, na ukungu unaouona una sababu nyingine. Palipo na tundu ndipo kioo kimebaki kwa nyoka. Gamba la Ung'ongo la Februari ya kwanza lilikuwa na tundu moja la kushoto, na ukingo wake ulikuwa umechanika vibaya. Nililitazama kwa tochi mara tatu nikitumaini kwamba nimekosea.

Sababu ni zilezile za hapo juu, unyevu kwanza. Kuna na inayochanganya watu: jicho lililobonyea kama mpira uliotoka upepo mara nyingi ni kiu tu, halina kioo cha zamani juu yake. Mnyweshe, pandisha unyevu, subiri siku 2 au 3.

Kama kweli kimebaki, dawa ya kwanza ni subira. Pango bichi mfululizo, na kila jioni unaweza kumgusisha pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu juu ya jicho kwa dakika chache, bila kusugua. Tone la machozi ya bandia, yale ya duka la dawa yasiyo na dawa nyingine ndani, halina ubaya. Vingi hutoka wakati wa kujivua kunakofuata, na hicho cha Ung'ongo kilitoka hivyo, wiki 5 baadaye, kikiwa kimebandikana na kipya kama sahani mbili za kahawa.

Usitumie kibanio, kucha, wala utepe wa gundi. Nasema hivi kwa sauti kubwa kwa sababu ushauri wa utepe unasambaa. Kioo cha zamani na kipya vimegusana, na kwa macho ya kawaida huwezi kujua unavuta kipi. Ukiking'oa kipya, jicho linabaki wazi, linakauka, na nyoka anaweza kulipoteza. Mwone daktari kama kimebaki baada ya kujivua mara mbili, kama jicho limevimba, au kama kuna usaha.

Dalili: ncha ya mkia imebaki na "kofia" au pete ya gamba

Hii inadharauliwa kuliko zote na ndiyo inayokata viungo. Gamba likikauka linasinyaa. Kwenye mkia mwembamba linakaza kama uzi uliofungwa kidoleni, damu haipiti, na ncha inakufa. Kinachotisha ni kwamba pete ya leo inapata mwenzake wa mwezi ujao, na wa tatu juu yake, kila mmoja ukikaza zaidi.

Kwa hiyo kila baada ya kujivua, pitisha kidole gumba kwenye mkia mpaka mwisho. Ngozi safi ni laini na inateleza. Kofia inahisiwa kama ukucha mkavu. Dakika moja tu, ifanye tabia. Kagua na gamba pia: ncha ya mkia inatakiwa ionekane, imechongoka, haina tundu.

Ukiikuta, lowesha mkia peke yake kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu dakika 15 hadi 20, kisha uviringishe ndani ya kitambaa bichi na ukivute kuelekea ncha taratibu mno, uelekeo uleule wa magamba yalivyolala. Usivute kurudi juu. Rudia siku ya pili na ya tatu. Kwa nyoka mchanga mkia ni kama kiberiti. Ukihisi kwamba unatumia nguvu, umeshazidisha.

Mpeleke kwa daktari leo, usisubiri kesho, kama ncha ni nyeusi na ngumu, imevimba juu ya pete, au inatoa harufu. Sehemu iliyokufa hukatwa na daktari. Ikiachwa, uozo hupanda.

Dalili: macho yana ukungu zaidi ya wiki 2 na hajivui

Kwanza hesabu vizuri. Wengi wanaonipigia walianza kuhesabu tangu rangi kufifia, wengine hawakuona macho yalipong'aa na wako ndani ya zile siku za mwisho. Kama kweli ni wiki 2 za ukungu, angalia joto. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analiazima. Tangi likiwa baridi kila kitu mwilini kinachelewa, na ngozi nayo. Kwa chatu wa kifalme upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 na upande wa baridi 25 hadi 27, vipimwe na kipimajoto chenye waya sakafuni anapolala. Mkeka wa joto au taa lazima upite kwenye thamostati, kile kifaa kinachozuia joto lisizidi. Mkeka usio na thamostati nimeona umemchoma nyoka tumboni, naye hakuondoka juu yake.

Joto likiwa sawa, rudi kwenye maji na unyevu. Vyote vikiwa sawa na bado ameganda hivyo, au amekonda, hataki kula, amelegea, huyo ni mgonjwa anayehitaji daktari.

Jicho moja tu lenye ukungu si la kujivua. Macho huingia ukungu pamoja. Moja peke yake ni jeraha, maambukizi au kioo kilichobaki, na kama gamba la mwisho lina vitufe vyote viwili, mpigie daktari.

Dalili: anajivua mara kwa mara kuliko kawaida, au anashinda ndani ya bakuli la maji

Mdogo anayekua kwa kasi hujivua kila mwezi hivi, na hiyo ni heri. Mzima huchukua miezi. Mzima aliyejivua mara mbili ndani ya wiki chache ana kitu kinachomsumbua ngozi, na anayejilowesha mchana kutwa ama ana joto kali, ama anakaribia kujivua, ama ana utitiri. Pima joto kwanza, ni rahisi. Kisha mtafute utitiri.

Utitiri wa nyoka ni vidudu vyeusi vya ukubwa wa nukta hii. Hukaa kuzunguka macho, chini ya kidevu na katikati ya magamba, wakinyonya damu. Mpitishe nyoka kwenye karatasi laini nyeupe iliyoloweshwa. Nukta nyeusi zinazotembea ni wao. Chini ya bakuli utaona waliozama, kama pilipili manga iliyosagwa. Vumbi jeupe mgongoni ni kinyesi chao.

Hapa watu huharibu. Mafuta ya taa, dawa ya kunguni, dawa ya kupe ya mbwa: vyote vimeua nyoka. Mweke peke yake juu ya karatasi za jikoni, tupa tandiko lote na magogo, osha tangi na bakuli kwa maji ya moto na sabuni, ufyonze vumbi kwenye zulia lililo chini ya tangi. Dawa na kipimo chake akuandikie daktari. Mayai hayako kwa nyoka, yako kwenye nyufa za tangi na fenicha, ndiyo maana dozi moja haimalizi, na usafi unarudiwa kwa wiki kadhaa. Kama una nyoka wawili, wote wana utitiri hata kama umemwona kwa mmoja.

Kujivua kwa haraka huja pia baada ya kuungua au kidonda, mwili ukijitengeneza, na hilo likiambatana na ngozi safi lisikutishe. Likija na magamba yaliyovimba, yenye ukoko wa manjano au kahawia, hasa usoni, huenda ni ugonjwa wa kuvu. Usimloweshe nyumbani, na usimweke karibu na nyoka mwingine.

Dalili: gamba limeziba pua au vishimo vya mdomoni

Chatu ana vishimo kwenye midomo ya kuhisi joto, na vipande vidogo hukwama humo. Pamba ya masikio iliyoloweshwa, mguso mwepesi, basi. Pua ikiziba na akaanza kufungua mdomo ili apumue, fanya hivyo mara moja, kisha umsikilize. Mluzi, povu mdomoni au kichwa kilichoinuliwa juu muda mrefu huenda ni homa ya mapafu. Huyo ni wa daktari.

Dalili: tumbo limekuwa jekundu au lina malengelenge baada ya wewe kupandisha unyevu

Umezidisha. Magamba ya tumbo yaliyogeuka waridi wakati wa ukungu ni kawaida, lakini yenye wekundu usioisha baada ya kujivua, malengelenge, au yaliyolainika yakibonyezwa, yanaoza. Mtoe kwenye tandiko hilo leo. Mweke juu ya karatasi kavu zinazobadilishwa kila siku, pango bichi liondolewe kwa muda, joto libaki palepale. Malengelenge usiyapasue. Wekundu mdogo usipopungua ndani ya siku 3 hivi, au kukiwa na malengelenge yoyote, nenda kwa daktari; anahitaji dawa ya kuua bakteria.

Ukimpeleka kwa daktari

Piga simu kwanza uulize, "Mnatibu nyoka?" Madaktari wengi wa mifugo ni wa ng'ombe, mbuzi na mbwa, na wapo watakaotoka chumbani ukifungua mfuko. Simlaumu mtu, mama angefanya hivyohivyo. Mbebe ndani ya foronya kavu iliyofungwa, foronya ndani ya boksi lenye matundu, na kukiwa na baridi weka pembeni chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa taulo. Andika joto la pande mbili, unyevu, tarehe ya mlo wa mwisho na tarehe za kujivua tatu za mwisho. Na lile gamba usilitupe, hata kama ni vipande. Litie kwenye mfuko wa plastiki uende nalo, kwa sababu kitu cha kwanza daktari mzuri atakachokuomba ni alione, na atalinyanyua kwenye taa kutafuta vile vitufe viwili.